Mwanasiasa ana faragha? Jibu la mtu aliyewahi kuandika habari za gesti

Wakuu, uzi huu nimeufuatilia tangu jana usiku. Mleta mada anauliza kama ni halali magazeti na watu wa mitandaoni kuchimba maisha binafsi ya wanasiasa. Nusu yenu mnasema aliyeomba kura hana siri tena. Nusu mnasema chumbani kwa mtu ni kwake, tumpime kwa maji na barabara. Nilitaka kupita kimya kimya kama kawaida yangu, ila kuna mchangiaji ameuliza, "Kwani nani aliwahi kuumia kwa kuandikwa gazetini?" Hapo nimeshindwa kunyamaza. Aliyeumia namjua, na aliyemwandika ni mimi.

Kuanzia 2008 hadi 2012 nilikuwa korespondenti wa gazeti moja la kila wiki, huko mkoani. Walioifanya kazi ile wanaijua: mshahara hakuna, unalipwa kwa habari iliyotoka, na malipo yakija umeshasahau uliandika nini. Unaishi kwa nauli za mikutano na bahasha za semina. Kwa hiyo mtu akikuletea habari ambayo imeshaiva, na nauli juu yake, huna muda wa kumuuliza kaitoa wapi.

Julai 2010, kura za maoni za chama kuteua wagombea zimepamba moto, kijana wa kambi moja alinikuta nakunywa chai akaniwekea bahasha mezani. Ndani mna picha nne na shilingi elfu hamsini. Picha zinamwonyesha mwenyekiti wa halmashauri yetu, ambaye alikuwa anautaka ubunge, akitoka kwenye gesti moja pembeni ya mji alfajiri, yeye na mwalimu wa shule ya msingi. Mzee ana mke na watoto watano. Niliandika jioni ile ile. Mhariri alinipigia simu mwenyewe kutoka Dar kunipongeza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nilipoandika kipindupindu. Ikatoka ukurasa wa mbele: sura ya mzee wazi, sura ya mwalimu imewekewa kimstari cheusi machoni, kimstari ambacho hakikumficha kwa yeyote aliyewahi kukutana naye sokoni. Mji wenyewe ulikuwa na shule ngapi?

Mzee hakutikisika. Vijiweni walicheka wakasema rijali huyo, bado ana damu. Akapita kura za maoni, Oktoba akawa mbunge. Mwalimu alihamishiwa shule ya mwisho kabisa wa wilaya, kusiko na umeme, na posa yake ikavunjika. Alinipigia simu mara moja tu. Namba sijui alipewa na nani. Hakutukana. Aliniuliza, "Kaka, mimi nilikuomba kura lini?" Nikakata simu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninapoandika hapa silioni.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma zaidi. Mwaka 2012, nikiwa najiandaa kuacha ile kazi, nilikuwa napanga makaratasi yangu nikazikuta zile picha halisi. Gazetini ilitoka moja tu, tena imekatwa. Kwenye picha nzima, nyuma ya wale wawili, kuna gari. Namba SM, gari la halmashauri, dereva amelala amefungua kioo. Gari la umma limekesha nje ya gesti, dizeli ya umma, na dereva ambaye bila shaka alisainiwa posho ya kulala nje kwa "kazi maalumu". Habari ilikuwa pale pale! Msanifu wa kurasa alilikata lile gari ili sura zikae vizuri, na mimi niliyeshika picha mkononi sikuliona, kwa sababu nilikuwa natazama nilichoambiwa nitazame.

Na katikati ya hapo, mwaka 2011, nilipata habari nyingine ya mzee yule yule. Sekondari za kata zilikuwa zimeletewa madawati ambayo hayakumaliza muhula, misumari imechomoza, watoto wanachanika sketi. Nikafuatilia zabuni, nikakuta jina la kampuni ambayo hakuna fundi aliyewahi kuisikia. Nikamtuma rafiki yangu aliyekuwa Dar akafanye upekuzi BRELA, kule kampuni zinakosajiliwa. Mkurugenzi wa kampuni: mke wa mheshimiwa. Niliandika kurasa tatu nikiwa nimejaa matumaini. Mhariri yule yule aliyenipongeza kwa picha za gesti akaniambia, na haya ni maneno yake kama ninavyoyakumbuka, "Mke wa mtu tumwache, hayo ni maisha binafsi."

Ndiyo maana swali la mleta mada, kama lilivyoulizwa, linanipa shida. Linachukulia kwamba vyombo vyetu vina uchunguzi mwingi mno na tubaki kujadiliana tuupunguze au la. Nilichokiona mimi ni kwamba neno "maisha binafsi" kwetu limewekwa mlango usio wake. Kitandani tunaingia bila hodi. Kwenye kampuni ya shemeji, kiwanja cha mtoto na akaunti ya mama watoto, ghafla tunakuwa watu wenye adabu.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na walipofafanua kiongozi ni nani, walimhesabu pamoja na mkewe, au mumewe kama kiongozi ni mwanamke. Walijua kabisa mchezo wa kuandika mali kwa jina la mke ungeanza kesho yake asubuhi. Miiko hiyo ililegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, sawa, lakini hata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake, za mwenzi wake, na za watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Yaani kisheria, pochi ya mke wa waziri ilishatoka chumbani zamani. Tatizo ni kwamba tamko linaishia kwenye rejista ya Kamishna wa Maadili. Jaribu kulifungua kwenye simu yako kama unavyofungua matokeo ya kidato cha nne, uone.

Mnakumbuka "vijisenti"? Aprili 2008, Andrew Chenge, akiwa Waziri wa Miundombinu, alibainika kuwa na zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti ng'ambo, kisiwani Jersey. Akaziita vijisenti, na ndani ya siku chache akajiuzulu uwaziri. Alikana kwamba zilihusiana na ununuzi wa rada ya serikali uliodaiwa kuwa na rushwa, na hakuwahi kutiwa hatiani kwa jambo hilo, haki yake tumpe. Lakini akaunti ya benki ni kitu gani kama si maisha binafsi? Hakuna aliyesema Watanzania wamemwingilia faragha. Kila mtu alielewa kwamba mtumishi wa umma mwenye fedha hizo ng'ambo anapaswa kuulizwa.

Kuna mchangiaji kaleta Ibara ya 16 ya Katiba yetu, inayolinda faragha ya "kila mtu", familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake. Ni kweli, na mwanasiasa naye ni "kila mtu". Wakenya wameenda mbali kidogo. Katiba yao ya 2010 inalinda faragha Ibara ya 31, halafu Ibara ya 75 inasema ofisa wa serikali ajiheshimu katika shughuli za umma na hata katika maisha yake ya faragha, asijitie kwenye mgongano wa maslahi wala kuishushia hadhi ofisi. Napenda pale kwenye mgongano wa maslahi. Kwenye hadhi naona mwanya: hadhi ni neno ambalo kila mwenye hasira anaweza kulivuta upande wake.

Hao hao Wakenya walitupa sinema Machi 2009, Rais Mwai Kibaki alipoita waandishi Ikulu, mkewe Lucy pembeni, kutangaza kwamba ana mke mmoja tu. Rais wa nchi, mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi, anahesabu wake mbele ya kamera. Nilicheka wakati ule. Leo nikifikiria naona waandishi walikuwa na swali moja halali na wakauliza jingine. Ana wake wangapi, hilo ni la kwake na kabila lake na kanisa lake. Swali letu lingekuwa: kuna nyumba yoyote ambayo walinzi na magari ya serikali yanaihudumia bila kuwemo kwenye orodha rasmi? Hilo linajibika kwa karatasi, halihitaji mama wa watu asimamishwe mbele ya kamera.

Afya ni habari nyingine, na hapa natofautiana na wengi wenu mliosema "ugonjwa ni siri ya mtu na daktari wake". Ya diwani, sawa. Ya Rais, hapana. Katiba yetu yenyewe, Ibara ya 37, imeweka utaratibu: Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kazi kwa maradhi ya mwili au akili, linamwomba Jaji Mkuu, naye anateua bodi ya utabibu ya wataalamu wasiopungua watatu kumchunguza. Mwili wa Rais umeandikwa kwenye Katiba, wakuu. Utauitaje siri ya familia?

Tuliishi hilo Machi 2021. Rais Magufuli hakuonekana hadharani tangu mwisho wa Februari. Machi 12 Waziri Mkuu akiwa Njombe akatuambia kaongea naye, yuko salama, anachapa kazi. Watu kadhaa walikamatwa kwa kusema Rais anaumwa. Machi 17 usiku Makamu wa Rais akatangaza kifo, na katika tangazo hilo hilo tukasikia kwamba alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Machi 6, akaruhusiwa kesho yake, akalazwa tena hospitali ya Mzena Machi 14, na kwamba tatizo hilo la moyo alikuwa nalo kwa zaidi ya miaka kumi. Hesabuni tarehe wenyewe. Mimi siku ile ya Machi 12 nilimgombeza mdogo wangu kwa kusambaza "uzushi" kwenye grupu la familia. Nilimwomba radhi msibani.

Linganisheni na Novemba 2014. Rais wa wakati ule, Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Ikulu ikasema, akarudi akaeleza mwenyewe na kuwahimiza wanaume wapime. Tezi dume! Kuna siri ya mwanaume kuliko hiyo? Nchi haikuyumba, na baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa hasikii la mtu, alikwenda kupima kwa sababu "hata Rais kapima".

Kuna hoja moja nilikuwa naiamini sana nikiwa mwandishi: kwamba mwanasiasa anayehubiri ndoa jukwaani anastahili kuchimbwa ndoa yake, kwa unafiki. Siku hizi naiamini nusu. Mwaka 2010 kampeni ya Dk. Willibrod Slaa, mgombea urais wa CHADEMA, iligeuzwa mjadala wa mwenza wake ni mke wa nani. Mwanamume alikuwa anazungumza elimu na Katiba mpya, sisi tunaandika unyumba. Na mimi nilikuwemo, habari mbili. Unafiki ulikuwa kisingizio chetu kizuri, ila ukweli ni kwamba gazeti la unyumba lilikuwa linaisha mezani kabla ya saa nne asubuhi.

Na mtazame ni nani hasa anayelipa. Mwanaume akiandikwa anaitwa rijali. Mwanamke akigombea udiwani tu, swali la kwanza ni kaolewa na nani, la pili kwa nini aliachika. Juni 2021 Mbunge wa Momba alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge kwa sababu ya suruali aliyovaa, na hilo lilikuwa Bunge la bajeti. Watoto nao msiwasahau. Mtoto wa waziri akipewa kazi bila usaili, hiyo ni yetu. Akifeli mtihani au akipata mimba, mwacheni na wazazi wake.

Kama kuna anayetaka kujua nilichokibakiza kutoka miaka ile, ni tabia moja tu: nikiletewa picha, natazama kwanza nyuma. Gari la nani, nyumba ya nani, saa za kazi au usiku, nani kasaini, na huyu aliyeileta anagombea nini.

Sasa hivi nauza vifaa vya ujenzi. Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja alinitumia klipu ya mheshimiwa fulani hotelini Dodoma na binti, ikiwa na alama tatu za kicheko chini yake. Nikamuuliza, "Chumba kalipia nani?" Akanijibu, "Mkuu, umezeeka." Nikafuta ile klipu, nikarudi kuhesabu mabati.