Kisumu hadi Nairobi kwa ndege: nusu saa au dakika hamsini?

SWALI: Nina miadi ya daktari Upper Hill, Nairobi, saa nne asubuhi. Mwanangu amenikatia tiketi ya ndege ya saa moja asubuhi kutoka Kisumu. Yeye asema ni nusu saa tu tumefika, lakini tiketi inaonyesha dakika hamsini. Nimwamini nani? Nami nitoke nyumbani saa ngapi? Sijawahi kupanda ndege.
Mama, Ahero

JIBU: Mama, pokea salamu zangu. Iamini tiketi.

Mwanao hesabu anaijua, ila amehesabu kipande kimoja. Kutoka uwanja wa Kisumu hadi JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ukipima moja kwa moja angani, ni kama kilomita 280. Barabara, kwa sababu inapanda Kericho ikazunguka Mau Summit na Nakuru, hukaribia 350. Ndege ya mapangaboi inayokwenda kilomita 600 kwa saa ingezimaliza hizo 280 kwa dakika 28, kama ingeanza na kutua kwa kasi hiyohiyo. Haiwezi. Dakika za tiketi huanza ndege inaposogea pale ilipoegeshwa, na huisha inaposimama kabisa Nairobi. Humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kuanza kushuka mapema, na JKIA kungoja zamu pamoja na ndege zinazotoka Ulaya na Uarabuni.

Nimeuza tiketi miaka mingi hapa Kisumu, na huniuma kuona mgonjwa akipangiwa safari kwa hesabu ya angani peke yake. Hesabu kuanzia mlango wako hadi mlango wa daktari.

Uwe uwanjani saa kumi na moja na nusu, maana kaunta ya kuandikisha abiria hufungwa kabla ndege haijaondoka. Ahero hadi Kisumu ni kilomita 25 hivi, na uwanja uko ng'ambo ya mji, upande wa barabara ya Busia. Matatu za alfajiri hukawia kujaa, kisha utafute tuktuk stejini gizani. Kama una ndugu mjini, lala kwake. Kama huna, panga gari tangu jioni na utoke saa kumi na nusu.

Nairobi utafika kama saa mbili kasoro dakika kumi. Beba mkoba wa mkononi tu, vyeti vya hospitali vikiwa ndani, usije ukasubiri mizigo. Saa hizo Mombasa Road huwa imefungana. Mwambie dereva apite barabara ya juu ya kulipia. Hizo pesa zitoe bila kusita, mama. Ukipita huko utafika kabla ya miadi na kupumua kidogo.

Kurudi, ningekuomba ulale Nairobi, kisha upande ndege ya asubuhi. Kuanzia alasiri upepo wa ziwa husukuma unyevu hadi milima ya Nandi na Kericho, mawingu ya radi yakarundikana, na rubani hulazimika kuyazunguka. Dakika huongezeka na ndege hutikisika, jambo la kawaida kwa marubani lakini zito kwa mtu aliyetoka kutibiwa. Asubuhi anga huwa tulivu zaidi.

Kitambulisho beba chenyewe, si nakala. Watakiomba kwenye kaunta.