Mama, kwani sisi hatukuwepo?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa gredi ya sita alipelekwa na shule kutembelea makumbusho hapa Pwani. Alirudi na daftari limejaa Wareno, mizinga na miaka. Usiku akaniuliza: "Mama, kwani sisi Wagiriama hatukuwepo?" Nilikosa jibu. Nimrudishe, au nitapoteza nauli bure?
Mama Kadzo, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mrudishe, ila safari hii msiende wawili. Mchukueni babu yake, au mzee yeyote wa ukoo mwenye kumbukumbu.

Nakwambia hivi kwa sababu ya kigango, nguzo ya ukumbusho wa marehemu, nilichokikuta kwenye makumbusho moja. Kilisimamishwa pembeni, na karatasi yake imeandikwa "Nguzo ya mbao, Pwani ya Kenya". Basi. Nikasogea. Kichwa cha mviringo, kiwiliwili bapa kama ubao, kimenakshiwa pembetatu ndogondogo safu kwa safu. Chini, kama shibiri mbili hivi, mti umekuwa mweusi na kulika: udongo ulifika pale. Nikajiona nimeingia kwa mtu bila kupiga hodi. Kigango husimikiwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wetu, aliyefariki, karibu na boma lake. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, na si cha kuondolewa. Asiye wa Gohu husimikiwa koma, kigingi kifupi. Karatasi haikuwa na hata neno moja la hayo. Babu atayasema kabla hamjakikaribia.

Tena msimfiche mtoto jinsi vigango vilivyoondoka. Viling'olewa, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji wa sanaa, vingi vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya nduguze. Haukupita muda, vikaibwa. Picha ile ile ndiyo iliyovitambulisha baadaye, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton, na kufikia 2007 vilikuwa vimerejeshwa Kenya. Makumbusho moja ya Denver nayo ikarudisha 30 mwaka 2019. Kila nikiwaza familia inayoamka asubuhi ikakuta shimo tu, moyo huniuma.

Mkifika, muulizeni anayewatembeza: hiki kilitoka boma la nani? Msione haya kuuliza. Swali la mwanao lina haki ya kusikika pale pale ndani, mbele ya wenye funguo.

Mkipata siku nyingine, nendeni Kaya Kinondo kule Kwale. Ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa mababu, ya Wadigo, na misitu ya kaya za Mijikenda iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008. Mtafungwa kaniki kabla ya kuingia. Mtoto haisahau siku hiyo.

Na daftari alibebe lile lile. Nyuma ya kurasa za Wareno aandike anayosema babu, kwa Kigiriama, kama yalivyotamkwa.