Nyie wa fildi mnaokuja maskani, msiulize sindano tu

Wadogo zangu mlioanza fildi mwezi huu kwenye kazi yetu ya kuwafuata maskani wanaojidunga heroini, nawapenda ila mnanichosha. Jana pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, mmoja wenu kamuuliza mteja "unachangia sindano?", yaani kutumia moja na mwenzio, jamaa kasema hapana, tiki ikawekwa, tukahamia kwa mwingine, na wakati huo huo katikati yao kuna kifuniko cha chupa ya maji, maji yenyewe yana wekundu kwa mbali, mabomba matatu ya sindano yameshasuuzwa humo humo. Hivi ulikuwa unaangalia wapi? Haya, naandika kwa namba maana mnapenda namba.

1. Neno "teja" liache getini. Muite jina lake, hulijui sema kaka, na akiwa mtu mzima mpe shikamoo yake, haikupunguzii kitu.

2. Uliza maandalizi yote, sio sindano tu. Hapa mniache niongee kidogo. Nilipoanza kazi hii nilikuwa na mteja mmoja fundi baiskeli, mpole, bomba lake analificha kwenye soksi na hamuazimi mtu hata mwenzie awe na arosto (mateso ya kukosa heroini) ya kulia. Nilimpenda yule bwana, nikawa namtolea mfano kwa wengine. Kila nikimuuliza anachangia, hapana, na mimi tiki. VVU hana, tunapongezana. Alipokuja kupimwa homa ya ini C kingamwili zipo, yaani alama kuwa kirusi kiliwahi kuingia mwilini, kipimo cha virusi nacho kikathibitisha. Akaniangalia akasema "dada si uliniambia niko salama?" na mimi nikaanza kupanga fomu zilizokuwa zimeshapangwa.

Tukakaa chini tukarudia hatua moja moja. Kete (kipakiti cha heroini) walikuwa wananunua kwa kuchanga, inapikwa kijiko kimoja, inachujwa kwa pamba moja, kila mtu anavuta kwa bomba lake. Lake kweli, ila la mwenzie lilitumika jana, limesuuzwa kwenye maji ya wote halafu limezamishwa kwenye kijiko kile kile. Na asubuhi za Juni unaijua baridi ya huku, mishipa inajificha, vidole havishiki, basi kuna mkongwe mmoja wa kijiwe ndio anawadunga wote, damu ya huyu bado iko kwenye kidole gumba ameshambonyezea yule. Hakuna hata kimoja katika hivyo nilichowahi kumuuliza. Jamaa hakunidanganya, alijibu swali langu, swali ndio lilikuwa la kivivu.

Kirusi cha C sio cha mchezo nje ya mwili. Watafiti wa Yale mwaka 2010 walikikuta bado kina uwezo wa kuambukiza ndani ya bomba mpaka siku 63, na baridi ndio inakitunza zaidi, kwa hiyo msije na hadithi za "damu ikikauka imekufa" hapa Mbeya. Mabomba ya sindano ya kuchomoa ndio mabaya zaidi, yanabakiza damu nyingi pale shingoni kuliko yale madogo ya insulini. Kusuuza kwa maji hakuui kitu. Kwa hiyo uliza: ulipika na nani, maji ya nani, pamba ya nani, nani alikudunga.

3. Kingamwili za C sio ugonjwa. Kuna watu mwili unakifukuza kirusi wenyewe, kwa hiyo usimpe mtu majibu ya kumlaza macho kabla ya kipimo cha virusi. Na dawa zipo, vidonge vya wiki 12 hivi, zaidi ya 95% wanapona, ila akirudi kwenye kijiko cha wote anaupata upya, chanjo ya C haipo.

4. Usitumbue macho. Mwaka 2005 iliripotiwa Dar wanawake waliokuwa wanapeana damu, mmoja akishajidunga anavuta damu yake kwenye bomba anampa mwenzie aliyebanwa na arosto, akiamini ina unga ndani. Ilikuwa ni huruma ile, mtu anamuokoa rafiki yake. Ukisikia kitu kama hicho ukasema "mungu wangu!" kwa sauti, umemaliza, hutaambiwa kingine.

5. Metadoni, dawa ya kutuliza arosto anayopewa mtu badala ya heroini, msiiahidi ovyo kama pipi. Ni nzuri kwa sababu inanywewa, sindano inakosa kazi, Muhimbili walianza Februari 2011 na sasa huku kwetu ipo. Lakini mtu anakunywa mbele ya mhudumu, kila siku, sasa wewe unamuahidi jamaa anayekaa kilomita 100 kwenda tu, nauli unampa wewe? Na mteja akianza dawa za TB mjulishe daktari wake siku hiyo hiyo, rifampisini iliyomo kwenye dawa hizo inaishusha metadoni mwilini, anarudi kwenye arosto halafu mnasema "amerudia tabia".

6. Sindano iliyotumika HAIRUDISHIWI kifuniko. Inaenda sefti boksi (boksi gumu la kutupia sindano) kama ilivyo. Ukichomwa osha kwa maji na sabuni, usikamue, kimbilia PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa), mwisho ni masaa 72 ila ukienda ndani ya masaa mawili ndio umeenda, na unameza siku 28 zote. Homa ya ini B ndio inaambukiza kirahisi kuliko zote kwa kuchomwa, na ndio yenye chanjo, dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Jumatatu nataka kadi zenu mezani. Yule wa dozi moja anayesema "nitamalizia nikirudi chuo" nakujua, utabaki ofisini unapanga fomu.