Peugeot 504 ya marehemu baba

SWALI: Marehemu baba yangu alikuwa akinunua Peugeot zilizochakaa hapa Nakuru, akizikarabati na kuziuza, ya mwisho, 504, imebaki uani. Je, niiuze ilivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza inua mazulia uchunguze kutu sakafuni, kwa kuwa injini iliyokufa hufufuliwa na fundi hodari, ilhali bodi iliyooza hula fedha kuliko bei utakayopata. Gari hilo, lililozinduliwa mwaka 1968 na kushinda mashindano ya Safari Rally ya 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, lingali na wapenzi wanaothamini vipuri vya asili, hivyo usilibandike taa za gari jingine (mafundi wengi hupenda mkato huo). Kama umiliki ungali kwa jina la marehemu, shughulikieni mirathi kabla ya kupokea hata arubuni.