Muulize Mama Shamba: Kimyanga na mbegu ya Msumbiji

SWALI: Shikamoo Mama Shamba. Nalima Supa hapa Ifakara. Msimu uliopita jaruba zima liligeuka njano, mpunga ukadumaa, na mashuke machache yaliyotoka yakawa mapepe. Jirani anasema ni kimyanga, na kwamba Msumbiji kuna mbegu isiyougua. Nikiipanda kando ya Supa, si zitachanganyika nivune Supa yenye kinga? Na dawa ya kupuliza ni ipi? – Mkulima, Ifakara

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Dawa haipo, anayekuuzia anakula hela yako. Kimyanga ni virusi. Sumu ya wadudu itapunguza mbawakawa wanaovieneza, lakini mche ulioambukizwa hauponi.

Jirani yako kasema kweli. Mbegu yenyewe huitwa Gigante. Virusi haviwezi kujitengenezea protini, hivyo hudandia mtambo wa seli za mpunga, na ili vidandie lazima vishike protini moja ya mtambo huo. Jeni inayoitengeneza inaitwa RYMV1. Kwenye Gigante jeni hiyo imebadilika kidogo mno: asidi amino (tofali la kujengea protini) moja tu, ya 309, si ile iliyomo kwenye Supa. Basi virusi vinakosa pa kushika, na mpunga unaendelea kukua kama kawaida. Ugonjwa ulionekana kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966. Jeni hii ilitambuliwa 2006. Miaka 40 hiyo!

Kuchanganya ndiko kwenye kazi. Mpunga hujichavusha wenyewe, kwa hiyo ukipanda majaruba mawili yakapakana utavuna Supa huku na Gigante kule. Hata ukibahatisha punje chotara, itaugua. Kila mche una nakala mbili za jeni, ya baba na ya mama, na ile moja ya Supa inavitosha virusi. Kinga hutokea zote mbili zikiwa za Gigante, yaani kwa wajukuu, tena robo yao tu. Hapo mtafiti huwachavusha tena na Supa mara kadhaa ili ile harufu ya Supa isipotee, kila kizazi akipima jeni maabara, kwa kuwa anayebeba nakala moja humjui kwa macho. Na bado zipo aina za virusi zilizobadilika zikaweza kuishika hata protini ya Gigante.

Kwa msimu huu hamisha kitalu, ng'oa mapema miche yenye michirizi ya njano, na ukitoka jaruba lenye ugonjwa nawa mikono na uoshe mundu. Mbegu yako usiitupe, kimyanga hakipiti kwenye mbegu. Machipukizi ya mabua ya zamani ndiyo ya kulimia chini mara baada ya kuvuna, maana virusi hukaa humo. Na ng'ombe wakishayala hayo wasikatishe kwenye mpunga mchanga, hata wakiwa wa huyo jirani mjuzi wa Gigante.