Bia ya Kijijini Haikuwa Baridi. Je, Ilikuwa Mbovu?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mwanangu anaishi Uingereza. Nilipokwenda kumsalimia alinipeleka baa kongwe ya kijijini, boriti za dari ziko chini mpaka unainamisha kichwa. Bia waliyonipa haikuwa baridi na gesi ilikuwa kidogo mno. Nikanywa kimya kimya. Desemba narudi tena. Ilikuwa imeharibika?
Baba wa watatu, Sinza

JIBU: Marahaba. Kwa ulivyoeleza, bia ilikuwa nzima kabisa. Hapo Sinza mhudumu anakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" na hata hiyo ya moto imechujwa na kutiwa gesi kiwandani. Ile ya kwao ni bia ya pipa. Inafika baa hamira yake ikiwa hai, inaendelea kuchachuka humo humo, kama mbege. Gesi yake imejitengeneza yenyewe, na mhudumu huivuta kwa mkono, kwa ule mpini mrefu wa kaunta. Chumba cha mapipa huwa na nyuzi 11 hadi 13 hivi. Ukiigandisha kama tunavyogandisha zetu, harufu ya shayiri na ya hopu, yale maua yanayoipa bia uchungu, inapotea, na hiyo ni hasara kubwa.

Ilikaribia kupotea yote. Viwanda vikubwa viliiacha, mpaka mwaka 1971 wanywaji wakaanzisha chama cha kuitetea, CAMRA. Nawaheshimu sana watu wale.

Na hili litakufurahisha: ili hamira itulie chini na bia ing'ae, wengi hutia utomvu wa vibofu vya samaki vilivyokaushwa. Mabondo, ndugu yangu! Kama ya sangara wetu wa Mwanza.

Pipa likifunguliwa linafaa kwa siku tatu hivi, kwa hiyo baa isiyo na wateja usiagize bia hiyo. Ikinuka siki, irudishe kaunta, sema kwa upole. Baa inayojiheshimu itakubadilishia. Usinyamaze tena.

Chakula pia agiza kaunta, ulipe hapo hapo. Ukikaa kusubiri mhudumu utakaa sana. Jumapili mchana ndiyo siku yao: nyama ya kuoka, viazi, mchuzi mzito. Wahi, maana jiko la kijijini hufungwa mapema, si kama nyama choma zetu za saa tano usiku. Painti yao ni mililita 568, inaizidi chupa yetu ya 500, basi anza na nusu, uonje mbili tofauti.