Maswali yenu: taarab Ngome Kongwe, picha za zamani na mkanda unaonuka siki

Nilipoandika juu ya maonyesho ya Ngome Kongwe, ile ngome ya kale ya Mji Mkongwe, na sinema za zamani za Unguja, maswali yalimiminika. Nimechagua haya sita.

Nimehamia Zanzibar kutoka Dodoma. Nikienda taarab, ni lazima nitunze? Nifanyeje nisiaibike? (Msomaji, Kikwajuni)

Si lazima kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti anapoimba. Wengi hukaa mwanzo hadi mwisho na noti zao mfukoni, wala hakuna anayewatazama vibaya. Ila ukitaka kutunza, tulia kwanza. Vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, cha tangu 1905, hufungua kwa bashrafu, yaani muziki wa ala tupu bila kuimba: kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla, udi na kodiani. Hapo hainuki mtu. Ngoja mwimbaji aingie, ngoja ubeti unaokugusa, kisha nenda taratibu, mwili ukifuata ngoma, noti ikionekana mkononi. Mpe mwimbaji, geuka, rudi ulikotoka. Usikimbie, na usisimame mbele yake kujipiga picha, kwani walio nyuma yako wamelipa kiingilio kama wewe.

La kuangalia zaidi ni ubeti wenyewe. Watu hawahesabu noti yako, wanatazama umeinuka kwenye maneno gani. Wimbo ukisema mwenye choyo hapati usingizi, nawe ukainuka huku shoga yako mliyenuniana amekaa safu ya pili, basi umemwandikia barua na ukumbi mzima umeisoma. Kama hukukusudia hivyo, subiri ubeti wa mapenzi.

Tangazo linasema picha inaanza saa moja usiku. Mbona kila mara tunakaa tu? (Msomaji, Jang'ombe)

Kwa sababu Ngome haina paa. Kitambaa cheupe kikionyeshwa picha kabla giza halijaingia sawasawa, unaona vivuli tu. Halafu kuna watu na sala zao. Saa moja ya tangazo isome saa mbili, na uje na mto au kanga ya kukalia. Zile ngazi za mawe hazina huruma na kiuno.

Kwenye picha za zamani huwa naona kidoa cha duara juu kulia, kinatokea na kupotea. Ni ubovu wa mkanda? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Hiyo ni ishara, na haikuwekwa kwa ajili yako. Iliwekwa kwa ajili ya mwendesha mashine.

Mkanda wa milimita 35 hupita mbele ya taa picha 24 kila sekunde. Gurudumu kubwa la mita 600 huisha kwa dakika 20 na ushei, kwa hiyo picha ya Kihindi ya saa tatu ilifika na magurudumu manane au tisa. Chumba cha mashine kilikuwa na projekta mbili. Gurudumu la kwanza likikaribia kuisha, kidoa cha kwanza kinatokea, na fundi anawasha mota ya projekta ya pili. Kama sekunde saba baadaye kinatokea cha pili, naye anafunga huku na kufungua kule. Akiwa hodari, hutambui kitu. Akisinzia, ukumbi unabaki na mwanga mweupe, na utasikia matusi ambayo hujawahi kuyasikia.

Siku hizi picha nyingi huonyeshwa kwa kompyuta, na kidoa hakina kazi tena. Ukikiona, ujue nakala hiyo ilichukuliwa kutoka kwenye mkanda uliowahi kuzungushwa ukumbini. Mimi hukifurahia kila nikikiona.

Na kulikuwa na kazi nyingine iliyokufa. Nakala moja iliweza kuonyeshwa kumbi mbili usiku uleule. Ukumbi mmoja unatangulia, na kila gurudumu likiisha kijana analipakia kwenye baiskeli na kulikimbiza kwa wenzao. Pancha moja tu, na stelingi anabaki ananing'inia ukingoni mwa jabali.

Babu yangu huita Majestic ya Vuga "Royal". Ni jengo moja? (Msomaji, Mombasa)

Kiwanja cha ukumbi huo wa sinema ni kimoja, majengo mawili. Royal ilijengwa 1921, kwa ramani ya J. H. Sinclair, Mwingereza aliyechora majengo mengi ya serikali Unguja. Iliungua miaka ya 1950, na 1955 ikafunguliwa Majestic, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania, yenye mistari minyoofu ya mtindo wa Art Deco. Kwa hiyo babu anakumbuka vizuri.

Kila yakitajwa matengenezo yake, watu huzungumzia uso wa jengo. Mimi ningeuliza kwanza choo, chumba cha mashine, na nani atalipa umeme siku ambayo hakuna tamasha.

Kwenye sanduku la marehemu baba kuna mikanda ya filamu inanuka siki. Niitupe? (Msomaji, Pemba)

Usitupe, na usiiweke kwenye projekta. Harufu hiyo ni ya plastiki ya asetati inayooza. Joto na unyevu wetu wa pwani huiharakisha. Mkanda husinyaa na kupinda, nao ukikaa karibu na mizima huiambukiza. Itenge, itoe kwenye makopo yaliyofungwa kabisa ili ipate hewa, iweke pahala pakavu pa baridi.

Kisha pima upana. Mikanda myembamba ya nyumbani, milimita 8 au 16, haina hatari. Ikiwa ni ya milimita 35 na ya kabla ya miaka ya 1950, tafuta ukingoni neno SAFETY. Usipoliona, iweke mbali na moto na uombe msaada haraka, kwani huenda baadhi ni naitreti, plastiki ya zamani zaidi, ambayo ikishika moto hata maji hayaizimi. Anzia Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani. Hata kama ni harusi ya shangazi tu, mtaa uliopita nyuma ya bibi harusi huenda haupo tena.

Mama yangu akienda kuona picha za Kihindi huimba nyimbo zote na kuwatafsiria wajukuu kwa sauti. Vijana wa mbele wanageuka. Nimkataze? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kuimba, mwache. Nyimbo hizo zilijaa midomoni mwa watu wa pwani tangu enzi za waigizaji Raj Kapoor na Nargis, na waliokuwa hawajui Kihindi waliziimba vilevile. Kutafsiri pia mwache, mradi wajukuu wakae karibu naye, asilazimike kupaza sauti. Tatizo ni kama anawaambia mapema nani ndugu wa nani aliyepotea utotoni. Hilo mwambie, kwa adabu, mkiwa bado nyumbani.